Mgonjwa asiyeweza kutembea anahamishwaje?

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya katika wodi za wazee, zile ambazo wagonjwa wengi hawainuki kitandani bila kuinuliwa. Ndiyo sababu nikishika mpango wowote wa serikali wa kukabiliana na ajali ya kituo cha nyuklia, sianzi na kurasa za kinu. Namtafuta mgonjwa wangu. Nataka kuona nani atamwinua, atalazwa juu ya nini, gari gani litamchukua, nani atakaa naye njiani, na huko anakopelekwa kama kuna mtu aliyeambiwa kwamba hawezi kunywa maji bila kupaliwa.

Mara nyingi simwoni. Naona ramani, katikati yake kituo, na duara la kilomita kadhaa kukizunguka. Chini imeandikwa kwamba wakazi waliomo ndani ya duara watahama. Kwa mtu mwenye afya na gari, sentensi hiyo inatosha. Mimi nikiisoma nakumbuka Futaba.

Hospitali ya Futaba ilikuwa mjini Okuma, mkoa wa Fukushima nchini Japani, kama kilomita 4.5 kutoka kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Ilikuwa na wagonjwa wapatao 340, wengi wao wazee na watu wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Jirani yake palikuwa na nyumba ya kutunzia wazee yenye watu 98. Ijumaa ya tarehe 11 Machi 2011, saa 8:46 mchana, lilipiga tetemeko la ukubwa wa 9.0. Haikupita saa moja, tsunami yenye kimo cha mita 14 hadi 15 ikafika kituoni na kufurika majengo yenye jenereta za dharura. Vinu vilikuwa vimeshajizima, lakini fueli ya nyuklia huendelea kutoa joto kwa muda mrefu baada ya kinu kuzimwa, na isipopozwa inayeyuka. Pampu za kupoza zilihitaji umeme, na umeme haukuwapo.

Serikali ilitangaza dharura ya nyuklia saa 1:03 usiku. Saa 3:23 usiku iliamuru wote waliomo ndani ya kilomita 3 wahame, na wa hadi kilomita 10 wakae ndani ya nyumba. Alfajiri ya pili yake, saa 11:44, waliotakiwa kuhama wakawa wa kilomita 10. Saa 9:36 alasiri gesi ya haidrojeni ikalipua jengo la kinu namba 1, na saa 12:25 jioni amri ikafika kilomita 20. Ndani ya saa 21 duara lilikuwa limetoka kilomita 3 hadi 20, na kila lilipopanuka, hospitali na nyumba za wazee ambazo asubuhi hazikuwa na amri yoyote zilijikuta zinatakiwa kuondoka usiku.

Huko Futaba, mabasi ya kwanza yalifika tarehe 12 na kuchukua wagonjwa 209, wale walioweza kutembea. Wafanyakazi wengi waliondoka nao, wakitarajia kwamba magari mengine yalikuwa njiani kuwafuata waliobaki. Magari hayo hayakufika siku ile. Wakabaki wagonjwa wapatao 130 wasiojiweza, mkurugenzi wa hospitali na watu wachache wa kumsaidia, na wazee 98 wa nyumba ya jirani. Hakukuwa na umeme wala maji ya bomba.

Nifafanue kidogo maana ya hali hiyo, kwa sababu ripoti huipita haraka. Mgonjwa anayelala tu lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi ya makalio na visigino inaanza kuoza na kufanya vidonda. Anayelishwa kwa mpira wa puani anahitaji chakula laini na maji safi kwa saa zake. Asiyeweza kukohoa lazima anyonywe makohozi kwa mashine, na mashine inataka umeme. Blanketi ni tiba, kwa sababu mzee aliyekonda hapandishi joto la mwili mwenyewe, na Machi ya Fukushima ni baridi. Kila kimoja cha vitu hivyo kinahitaji mikono ya watu. Wodi yenye wagonjwa 130 wa aina hiyo, zamu yake huhesabiwa kwa makumi ya wahudumu.

Wanajeshi wa Vikosi vya Kujihami walifika tarehe 14. Wakawapandisha kwenye mabasi wagonjwa 34 wa hospitali na wazee 98 wa ile nyumba. Mkurugenzi aliyewajua wagonjwa alibaki na wale ambao bado hawakuwa wamepata gari. Msafara ukaelekea kwanza kaskazini, Minamisoma, watu wapimwe mionzi. Kisha, kwa kuwa eneo la kilomita 20 lilikuwa limefungwa, mabasi yakazunguka mbali kupitia bara hadi mji wa Iwaki ulio kusini. Kutoka Okuma hadi Iwaki kwa barabara ya moja kwa moja hapafiki kilomita 60. Wao walikwenda kama kilomita 230 kwa muda wa saa 10 hivi, na walipofika walishushwa katika jengo la michezo la shule ya sekondari, mahali pasipo na vifaa vya hospitali.

Mtu asiyeweza kushika shingo yake hakalishwi kwenye kiti cha basi kwa saa 10. Kichwa kinaanguka mbele, njia ya hewa inajikunja, mate yanaingia kwenye mapafu. Asiyekunywa kwa siku mbili damu yake inakuwa nzito na shinikizo linashuka. Haya ni mambo ambayo muuguzi wa mwaka wa kwanza anayajua. Baadhi walikufa wakiwa ndani ya basi, wengine usiku uleule katika jengo la shule, na wengine katika siku zilizofuata. Tume huru ya uchunguzi iliyoundwa na Bunge la Japani iliripoti kwamba hadi mwisho wa Machi watu 60 kutoka hospitali na nyumba za wazee za ndani ya kilomita 20 walikuwa wamefariki. Baadaye viongozi 3 wa zamani wa TEPCO, kampuni inayomiliki kituo, walishtakiwa kwa uzembe kuhusiana na vifo vya watu 44 wa hospitali hiyo na nyumba ya jirani. Mahakama ya Tokyo iliwaachia huru mwaka 2019.

Hao wagonjwa hawakuuawa na mionzi. Waliuawa na safari.

Kuna jambo lingine la Futaba linalonichoma kama mtu wa taaluma hii. Siku chache baada ya tukio, taarifa ya serikali ya mkoa iliwafanya watu waamini kwamba madaktari na wauguzi walikimbia wakawatelekeza wagonjwa. Habari hiyo ilienea nchi nzima. Mkoa ulikuja kuisahihisha, lakini aibu ilikuwa imeshawapata watu waliokuwa wamekesha siku tatu gizani na wagonjwa. Serikali iliyoshindwa kupeleka gari haina haki ya kutafuta wa kulaumiwa miongoni mwa waliokuwa wanalisubiri.

Je, ingekuwa salama kuwaacha palepale? Swali hili watu hulikwepa kwa sababu mionzi inatisha, na ukisema "abaki" unaonekana huna utu. Lakini mionzi ina vipimo. Kipimo kikubwa sana cha ghafla huua ndani ya siku au wiki, kama ilivyowapata wazima moto walioitwa kwenye ajali ya kituo cha nyuklia cha Chernobyl. Kipimo kidogo huongeza kwa kiasi fulani uwezekano wa kupata saratani miaka mingi mbele. Kwa mzee wa miaka 85 mwenye kiharusi, hatari ya pili iko mbali kuliko maisha yake yenyewe, ilhali hatari ya basi iko saa chache mbele yake. Utafiti uliofanywa katika nyumba 5 za wazee za Minamisoma, ukihusisha wazee 328, ulikuta kwamba baada ya ajali na kuhamishwa vifo viliongezeka mara 2.7 kuliko ilivyokuwa kabla. Na mwaka 2021 kamati ya Umoja wa Mataifa inayochunguza athari za mionzi, UNSCEAR, ilisema haijaona madhara ya kiafya kwa wakazi wa Fukushima yanayoweza kuhusishwa moja kwa moja na mionzi waliyoipata. Sisomi maneno hayo kama kibali cha kuidharau mionzi; watu walihamishwa, na kuhamishwa huko ni sehemu ya sababu za vipimo kubaki chini. Ninachosema ni kwamba kuhama nako ni dawa kali, na dawa kali hutolewa kwa kumtazama mgonjwa.

Mfano wa kumtazama mgonjwa upo, na uko mkoa huohuo. Kijiji cha Iitate, kaskazini magharibi mwa kituo, kiko nje kabisa ya lile duara la kilomita 20, lakini upepo, mvua na theluji viliangusha huko vumbi jingi lenye mionzi. Mwezi Aprili serikali iliamuru wakazi wake wapatao 6,000 wahame kwa mpango. Kijijini kulikuwa na nyumba ya wazee yenye watu kama 100. Meya wa Iitate, Norio Kanno, na wasimamizi wa nyumba hiyo waliomba wazee wabaki, na serikali ikakubali. Ndani ya jengo lile imara mionzi ilikuwa kidogo kuliko nje. Wahudumu walihamia miji mingine wakawa wanakuja kazini kila siku kwa magari, wakipimwa. Kijiji kizima kikawa kitupu, taa za nyumba ya wazee zikaendelea kuwaka. Uamuzi huo uliwezekana kwa sababu kulikuwa na wiki kadhaa za kufikiri badala ya saa chache. Kwangu mimi maana ya kujiandaa ndiyo hiyo: kufikiri mapema ili usiku wa dharura usiwe wa kufikiri.

Sasa niseme juu ya habari, kwa sababu hata mwenye miguu mizima hawezi kukimbia vizuri kama hajui akimbilie wapi. Tume ya Bunge iligundua kwamba wakati amri ya kilomita 3 inatolewa, ni kama asilimia 20 tu ya wakazi wa miji yenye kituo waliokuwa wamejua kwamba kuna ajali. Meya wa Namie, mji ulio jirani na kituo, Tamotsu Baba, alisema amri ya kuhama waliipata kwenye televisheni. Maelfu ya watu wa Namie wakaenda Tsushima, sehemu ya milimani ndani ya wilaya yao, kaskazini magharibi. Walikaa huko hadi tarehe 15, watoto wakicheza nje, wakipikiwa kwa maji ya huko. Na kaskazini magharibi ndiko lilikokwenda wingu la mionzi zito kuliko yote.

Japani ilikuwa na mfumo wa kompyuta wa kukisia wingu la mionzi litaelekea wapi, uliojulikana kama SPEEDI, uliogharimu zaidi ya yen bilioni 10. Ulianza kutoa makisio tangu siku ya kwanza. Wananchi walioneshwa matokeo tarehe 23 Machi. Jeshi la Marekani liliyapata tarehe 14. Maofisa walijitetea kwamba vifaa vya kituoni havikuwa na umeme, kwa hiyo hawakujua kiasi cha mionzi kinachotoka, na makisio yasiyo na kiasi yangeleta taharuki. Tume ya Bunge nayo ilisema makisio yale hayakuwa na uhakika wa kutosha kuwa msingi wa kuhamisha watu siku za mwanzo. Nakubali hoja hiyo ya kitaalamu, lakini haijibu kosa lenyewe. Mwelekeo wa upepo haukuwa siri. Meya anayejua kwamba upepo unaweza kugeukia milimani angeweza kuwaambia watu wake wasisimame Tsushima, wasogee mbele. Ukimnyima mtu habari pungufu kwa kuwa si kamili, unamwachia giza kamili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa aliyeficha na aliyeumbuka hawakuwa mtu mmoja.

Kinachouma zaidi ni kwamba Japani ilikuwa imeshapata somo. Tarehe 30 Septemba 1999, saa 4:35 asubuhi, katika kiwanda cha fueli ya nyuklia cha kampuni ya JCO kijijini Tokaimura, wafanyakazi walimimina urani nyingi mno kwenye tangi moja na mmenyuko wa nyuklia ukaanza pale mbele yao. Wawili kati yao walikufa baadaye. Meya wa kijiji, Tatsuya Murakami, alisubiri maelekezo kutoka juu bila kuyapata. Saa 9 alasiri akaamua mwenyewe kuwahamisha watu wa ndani ya mita 350, kama 160 hivi. Ushauri wa mkoa kwa watu wapatao 310,000 kukaa ndani ulikuja saa 4:30 usiku. Nampenda kiongozi huyu. Alipima kwa alichokuwa nacho mkononi, akaamua, na akawa tayari kulaumiwa.

Baada ya Tokaimura ilitungwa sheria maalumu ya dharura za nyuklia, na karibu na kila kituo kikajengwa kituo cha amri ambako serikali kuu, mkoa, wilaya na kampuni wangekaa chumba kimoja. Kile cha Fukushima kilijengwa Okuma, kilomita 5 kutoka kwenye vinu. Tetemeko likakata umeme na mawasiliano yake. Hakikuwa na vichujio vya kuzuia hewa yenye mionzi, ingawa miaka miwili kabla, mwaka 2009, wakaguzi wa serikali yenyewe walikuwa wameelekeza viwekwe. Tarehe 15 Machi waliokuwa ndani walikiacha wakahamia mji wa Fukushima. Jengo lililojengwa kwa ajili ya ajali ya mionzi lilikimbiwa kwa sababu ya mionzi. Sitafuti maneno ya kuongeza hapo.

Vidonge vya iodini navyo vina kisa chao. Tezi ya shingoni, thairoidi, hufyonza iodini kutoka kwenye damu bila kujali kama ni ya kawaida au ya mionzi. Ukimeza kidonge cha iodini ya kawaida kabla wingu halijafika, au ndani ya saa chache tangu lifike, tezi inashiba na ile ya mionzi inatoka kwenye mkojo. Ukichelewa siku moja, faida yake karibu yote imekwisha. Watoto ndio wanaohitaji zaidi. Baada ya Chernobyl mwaka 1986, watoto wa Ukraini, Belarusi na Urusi waliokunywa maziwa ya ng'ombe waliokula majani machafu walipata saratani za tezi kwa maelfu, wakati serikali ya Kisovieti ilikaa kimya hadi chombo cha kupimia cha kituo cha Forsmark, nchini Uswidi, kilipong'amua. Polandi, iliyokuwa jirani na haikuambiwa lolote, iliwapa iodini watu wapatao milioni 18 ndani ya siku chache, zaidi ya milioni 10 kati yao wakiwa watoto.

Fukushima ilikuwa na vidonge, vimo kwenye maghala. Wilaya zilitakiwa kungoja amri. Ushauri wa wataalamu wa Tokyo ulitumwa kwa faksi na haukuwafikia waliopaswa kuupata. Mji wa Miharu, kama kilomita 50 kutoka kituo, uliona tarehe 15 kwamba upepo unakuja kwao na mvua inanyesha, ukagawa vidonge kwa wakazi walio chini ya miaka 40. Mkoa ukaamuru vikusanywe kwa kuwa hakuna amri iliyotoka juu. Miharu wakakataa. Nimesimama mara nyingi mbele ya kabati la dawa nikimsubiri mtu wa kusaini, nami najua sababu ya saini. Ila dawa yenye saa zake haiwezi kuwekewa utaratibu unaohitaji siku.

Watu walipofika kwenye miji ya mbali, baadhi walidaiwa cheti cha kupimwa mionzi kabla ya kupokewa, kama kwamba wana ugonjwa wa kuambukiza. Hapa elimu kidogo ingefanya kazi kubwa, na naiandika kwa ajili ya wenzangu wa hospitalini hasa. Aliyepigwa na mionzi kutoka nje, kama mtu aliyepigwa picha ya eksirei, hana chochote cha kukupa. Aliyechafuka ana vumbi kwenye nguo, nywele na ngozi. Kuvua nguo za juu peke yake huondoa sehemu kubwa ya vumbi hilo, inakadiriwa asilimia 80 hadi 90. Kilichobaki hutoka kwa maji ya vuguvugu na sabuni, bila kusugua hadi ngozi ichubuke. Nguo zinafungwa kwenye mfuko na kuwekwa mbali. Mgonjwa mwenye hali mbaya anahudumiwa kwanza, kusafishwa kunafuata. Mhudumu mwenye glavu, barakoa na aproni hana sababu ya kumwacha mtu mlangoni.

Kuhusu viwango, serikali ilijichanganya mwezi Aprili iliposema kwamba shule zitumie kikomo cha milisiverti 20 kwa mwaka (milisiverti ni kipimo cha mionzi inayoupata mwili). Wazazi waliandamana, na Toshiso Kosako, profesa wa kinga ya mionzi aliyekuwa mshauri wa Waziri Mkuu Naoto Kan, alijiuzulu akilia mbele ya waandishi wa habari. Mwezi Mei wizara ikaweka lengo la milisiverti 1 shuleni. Yawezekana wapo waliokuwa na hoja nzuri ya kitaalamu ya ile 20, lakini hoja inayokuja baada ya wiki sita za kufichwa haisikilizwi, na mzazi hakosei kuwa na shaka.

Mambo kadhaa yamebadilika. Msimamizi wa zamani wa usalama wa nyuklia alikuwa chini ya wizara ileile iliyokuwa ikiinadi nyuklia; Septemba 2012 akaundwa mwingine anayejitegemea. Maeneo ya maandalizi sasa ni kilomita 5, ambako watu huanza kuhama mapema, na kilomita 30, ambako kwa kawaida wanakaa ndani kwanza. Waliomo ndani ya kilomita 5 hupewa vidonge vya iodini nyumbani kabla ya ajali yoyote. Na lililonifurahisha kuliko yote: miongozo sasa inatambua kwamba mgonjwa ambaye safari itamdhuru abaki kwenye jengo lenye vichujio vya hewa hadi gari, wahudumu na kitanda cha kumpokea viwe tayari. Mkoa wa Fukushima umehesabu zaidi ya watu 2,300 waliokufa kwa matatizo yaliyofuata maafa, wengi wao wazee, idadi inayozidi waliokufa mkoani humo siku ya tetemeko na tsunami. Mwongozo huo umeandikwa kwa gharama hiyo.

Lakini karatasi hujaribiwa na ardhi. Machi 2021 mahakama ya Mito ilizuia kituo cha Tokai Namba 2 kuendeshwa, kwa sababu kati ya wilaya 14 za ndani ya kilomita 30, zenye watu zaidi ya laki 9, ni 5 tu zilizokuwa zimetunga mpango wa kuhamisha watu. Tarehe 1 Januari 2024 tetemeko la 7.6 likapiga rasi ya Noto, kilipo kituo cha Shika. Vinu vyake vilikuwa vimezimwa tangu 2011, na hiyo ilikuwa bahati. Barabara zilizopangwa kwa kuhama zilikatika, vijiji vikawa visiwa. Nyumba ambazo watu wangetakiwa kujifungia ndani zilianguka. Vipima mionzi 18 vya eneo hilo viliacha kutuma takwimu. Hata baadhi ya yale majengo yenye vichujio, yaliyojengwa kwa ajili ya wasioweza kusafiri, yaliharibika.

Na tukirudi kwenye basi, maana mgonjwa wangu mwisho wa yote anangoja basi, kuna dereva. Mikoa ya Japani imefunga mikataba na vyama vya kampuni za mabasi, na kwa kawaida mikataba hiyo inamtaka dereva aende pale tu ambapo mionzi anayotarajiwa kupata haitazidi milisiverti 1. Ni haki yake. Si askari, ana watoto, na hakuna aliyemfundisha kusoma kipimo. Kwa hiyo nikialikwa kwenye mazoezi ya dharura, nitaomba mambo matatu ambayo sijaona yakifanywa pamoja: dereva halisi mwenye kipimo mfukoni aliyeulizwa mapema kama yuko tayari kuingia, wagonjwa halisi au watu wazito waliolala kama wao badala ya wanafunzi wachangamfu wenye vibao shingoni, na simu ipigwe kweli kwa hospitali ya kupokea, saa 8 usiku, ijibu ina vitanda vingapi vyenye mashine ya kunyonya makohozi.